Jibu: Je, umiliki wa ardhi uandikwe kwenye daftari la umma?
Ndugu yangu, umeuliza kuna haja gani ya kuandikisha ardhi serikalini ilhali majirani wote wanajua shamba ni la nani. Haja ipo. Mpaka wetu kule Arua, Uganda, ulikuwa mti wa mvule. Jirani alipoukata na kung'oa hata kisiki, wazee waliobaki hawakukubaliana ulisimama wapi. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 inaruhusu hata ardhi ya kimila kupewa cheti, kwa hiyo ombeni mapema, wazee wangali hai. Kwenye mailo ya Buganda, yaani ardhi ya watu binafsi yenye hati ya milki ya kudumu, ndipo ninapoogopa: hati ya mwenye ardhi isimfute mwenye kibanja, yaani anayeishi na kulima kwenye ardhi hiyo bila kuwa na hati yake. Na majina ya wajane yaandikwe humo humo, si ya kaka mkubwa peke yake.