Tibesti: maswali yenu kuhusu milima ya Sahara

Sahara si mchanga mtupu? Milima imetoka wapi?

Mchanga ni sehemu ndogo tu; kwingine ni mawe na changarawe. Tibesti iko kaskazini mwa Chad, pembe yake ikiingia Libya, na sehemu kubwa imejengwa na volkano. Emi Koussi, yenye zaidi ya mita 3,400, ndiyo kilele kirefu kuliko vyote vya Sahara.

Nimeona picha ya shimo kubwa lenye sakafu nyeupe. Ni theluji?

Hapana, ni magadi. Hiyo ni kasoko ya Trou au Natron: maji ya chumvi hukauka juani, weupe ukabaki umezunguka vilima vyeusi vya volkano. Zamani palikuwa na ziwa, maana humo yamekutwa mabaki ya diatomu, mwani mdogo sana wa majini. Michoro ya ng'ombe na tembo iliyochongwa miambani nayo inashuhudia kwamba nchi hii iliwahi kuwa na majani.

Kuna watu wanaoishi huko?

Wapo Wateda, wafugaji wa ngamia na mbuzi, wenye mitende yao katika mabonde kama la Bardaï. Kiongozi wao wa jadi huitwa derde. Wageni hawakupokelewa kirahisi: mwaka 1869 daktari Mjerumani Gustav Nachtigal alifika Bardaï, akaponea chupuchupu na kulazimika kutoroka.

Chad na Libya ziligombania nini?

Ukanda wa Aouzou, unaopita kaskazini mwa milima hii. Mwaka 1935 Ufaransa na Italia zilitia saini mkataba wa kuiongezea Libya, wakati huo koloni la Italia, eneo hilo, ila haukuanza kutumika kamwe. Libya iliushikilia hata hivyo, ikaingiza jeshi mwaka 1973. Mwaka 1987 Wachad, wakikimbiza magari mepesi ya Toyota jangwani, waliyashinda majeshi yenye vifaru. Ndiyo maana vita ile ikaitwa vita ya Toyota. Lakini hata ushindi ule haukuurudisha ukanda. Uliamuliwa na karatasi nyingine ya kikoloni: tarehe 3 Februari 1994 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa kura 16 dhidi ya 1, iliipa Chad haki kwa mkataba wa Ufaransa na Libya wa 1955. Mwisho wa Mei askari wa Libya walikuwa wameondoka.

Naweza kwenda kutalii?

Kwa maoni yangu, bado. Mabomu ya ardhini yaliachwa, na dhahabu iliyogunduliwa miaka ya 2010 imeleta wachimbaji, silaha na mapigano.