Maua ya juhua kwa macho makavu, kunywa au kuacha?

Pole dada, nimekuelewa, uko Guangzhou huko China, macho yanakauka na kuwasha, muuza dawa kakupa maua makavu ya juhua (krisanthemamu, maua ya jamii ya alizeti) ila unameza dawa za presha ndo unaogopa. Wachina wanayatumia tangu zamani kwa macho mekundu, kichwa kuuma na mafua yenye homa, meupe ndo hutumika zaidi kwa macho, ya njano ni kwa mafua. Weka kama gramu 5 kwenye kikombe, mimina maji moto, funika mpaka yawe na rangi ya njano hafifu, ongeza gouqizi yale matunda mekundu madogo yaliyokaushwa, kunywa. Mi naona yanatuliza ila ushahidi wa kitaalamu bado mdogo, usitegemee miujiza. Una aleji ya chavua au maua ya jamii ya alizeti? Achana nayo kabisa!! Tumbo likiharisha pia acha. Dawa ya presha usiikatishe, na muulize daktari kabla hujaanza maana ukichanganya na chai hii presha inaweza kushuka kupita kiasi. Halafu jamani usioshee macho hiyo chai. Yakiuma sana au ukianza kuona ukungu nenda hospitali siku hiyohiyo.