Tishu haina "nguvu": jibu kwa msomaji wa Mbarara

Msomaji wetu wa Mbarara, mwanafunzi wa sayansi ya maabara, anaandaa bango la maonyesho ya chuo. Anauliza: "Je, ni sahihi kuandika kwamba hadubini ya Brillouin inapima nguvu za tishu hai kwa mwanga, au niandike ugumu?"

Nguvu, hapana. Ugumu unavumilika. Neno lenyewe ni ukakamavu.

Hadubini, chombo cha kutazamia vitu vidogo mno, haina ugomvi. Ni jamaa ya darubini, tuliyoipata kwa Waajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Linalonikera, na limenikera miaka mingi, ni hii nguvu inayotupwa kila mahali. Sabuni yenye nguvu, simenti yenye nguvu, mtandao wenye nguvu, chai yenye nguvu! Neno likibeba kila kitu, halimwambii msomaji chochote. Huku Uganda tunasingizia amaanyi ya Kiganda, yaani nguvu. Kisingizio hicho sikikubali, maana Mganda akiona kitu kimekauka na kukaza hasemi kina amaanyi; husema kikakanyadde. Sikiliza neno hilo, kisha sikiliza kukakamaa. Mtu wa Masaka analielewa hata kabla hujamfafanulia.

Chukua ngoma ya Mpambire, kule barabara ya Masaka wanakozitengeneza. Ikinyeshewa, ngozi hulegea na mlio hushuka, unakuwa mzito kama wa debe lililojaa. Ianike juani: ngozi inakauka, inakaza, inakakamaa, na mlio unapanda. Je, ngozi imepata nguvu? Ichome kisu, itapasuka vilevile. Kutopasuka upesi ni uimara. Kurudi mahali pake baada ya kupigwa ni unyumbufu. Kukataa kubonyea chini ya kiganja ni ukakamavu. Sifa tatu katika ngozi moja, na anayesema "ngoma hii ina nguvu" amezizika zote tatu kaburi moja. Mpigaji hawezi kufanya kosa hilo, kwa kuwa sikio lake humwambia mara moja ni kipi kimebadilika.

Hadubini hii nayo hutegemea sauti. Ndani ya kila kitu, hata ndani ya jicho lako, mnapita mawimbi madogo mno ya sauti yanayotokana na mtetemo wa molekuli. Mwanga wa leza ukikutana nayo hutawanyika, na sehemu yake ndogo hutoka ikiwa imebadilika masafa, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Mfaransa Léon Brillouin alilieleza jambo hilo mwaka 1922. Mawimbi hayo yakipita kasi zaidi, badiliko hukua, na kwa kawaida penye ukakamavu ndipo yanapokwenda kasi. Badiliko lenyewe ni dogo mno: maji yakimulikwa kwa leza ya kijani hutoa takribani gigahezi 7.5 (gigahezi moja ni mitetemo bilioni moja kwa sekunde), ilhali mwanga huo una zaidi ya gigahezi 500,000. Mwaka 2008 Giuliano Scarcelli na Seok Hyun Yun, huko Marekani, walionyesha ramani ya badiliko hilo katika lenzi ya jicho la panya, bila kuigusa. Leo madaktari wa macho wanaipenda kwa ajili ya keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea, kioo cha mbele ya jicho, iwe nyembamba na kuchomoza, kwa sababu huonyesha ni sehemu ipi ya konea iliyolegea.

Sasa ugumu. Watu huusema, na sitagombana na mtu kwenye teksi kwa neno hilo. Ila linatumika pia kwa mtihani mgumu na maisha magumu, na maabarani limekwisha kupewa kazi yake: kukataa kukwaruzwa na kutiwa kovu. Konea haikwaruzwi hapa. Haiguswi kabisa.

Andika basi: "Hadubini ya Brillouin hupima badiliko la masafa ya mwanga, nasi tunakadiria kutokana nalo ukakamavu wa tishu hai." Usiandike kwamba inapima ukakamavu moja kwa moja, maana kiasi cha maji kilichomo ndani ya tishu nacho hubadilisha kipimo. Na tarakimu zake, zinazohesabiwa kwa gigapaskali (mabilioni ya paskali), usizipange safu moja na zile za kubonyeza tishu polepole kwa ncha ya kifaa, ambazo mara nyingi huwa kilopaskali (maelfu tu ya paskali). Ziwekee safu yake.