Websaiti ya visima haitokei Google ukisachi huduma: anzia hapa mkuu

Mkuu, nimelisoma swali lako na linki uliyoweka nimeifungua kwa simu na kwa kompyuta, nikaona nikujibu kwa kirefu maana tatizo hili wanalo wengi sana hapa mjini. Kwa ambao hawajaliona swali: jamaa ana kampuni ya kuchimba visima na kufunga pampu za sola, yupo Dodoma, ukiandika jina la kampuni yake Google websaiti inatokea ya kwanza, ila ukiandika "kuchimba kisima Dodoma" haipo kabisa hata ukishuka kurasa tatu, na sasa kuna mtu kamwambia alipe laki nane awekwe namba moja ndani ya wiki mbili.

Hiyo laki nane usitoe. Nafasi za kawaida za Google haziuzwi, kinachouzwa pale ni matangazo na yanawekewa alama kabisa kwamba yamelipiwa. Google wenyewe wameandika kwenye mwongozo wao kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja, na walishasema pia kwamba kwa kawaida kazi hii inachukua miezi minne mpaka mwaka ndo uanze kuona faida. Hawa wa wiki mbili mara nyingi wanakununulia linki kwenye mawebsaiti ya ajabu ajabu, kitu ambacho Google walianza kukipiga vita kwa nguvu tangu 2012 walipoleta ile Penguin, mfumo wao wa kuzikamata linki za ujanja ujanja, au wanakuonyesha picha ya skrini uko namba moja kwa jina la kampuni yako, ambalo tayari ulikuwa unaongoza. Inaniuma kwa sababu nimeona watu wanalipa hela ya ada ya watoto kwa hiki kitu.

Sasa tuje kwako. Ikiwa kwa jina inatokea basi Google wanaijua websaiti yako, haijafungiwa. Maana kufungiwa kupo, kuna loji moja Ipagala websaiti yao ilikuwa nzuri, picha kali, ila haitokei hata kwa jina, kumbe fundi aliyewatengenezea kwa WordPress aliacha tiki kwenye kile kiboksi cha mipangilio ya usomaji kinachoziambia injini za kusachi zisiiorodheshe websaiti. Mafundi huwa wanakitiki wakati wanajenga ili kazi isionekane kabla haijaisha, halafu siku ya kukabidhi kinasahaulika. Yeyote anayesoma hapa na websaiti yake haitokei hata kwa jina, aangalie hicho kwanza kabla hajagusa kingine.

Wewe shida yako ni kwamba websaiti yako yote ni ukurasa mmoja. Nikibonyeza "huduma" inateleza chini, nikibonyeza "bei" inateleza chini zaidi, anwani ni ileile. Google inashindanisha kurasa, kila ukurasa kivyake kwa kila swali, kwa hiyo huo wako mmoja unatakiwa ujibu kuchimba kisima, kupima maji, pampu za sola, matenki na matengenezo, haiwezekani ushinde kwenye yote. Ukitaka kuhakikisha andika Google site: halafu unganisha na domeni yako, yaani anwani ya websaiti, bila kuacha nafasi, zinakuja kurasa wanazozijua, kwako imekuja moja tu. Halafu kitu kingine kilichonishtua, nimetafuta neno "kisima" kwenye maandishi ya ukurasa wako, halipo hata sehemu moja. Juu kuna sentensi za Kiingereza kwamba ninyi ni kampuni inayoongoza, na habari yote ya maana, mpaka bei kwa mita, iko ndani ya posta, yaani picha. Mteja anaisoma ila Google haitegemei maneno yaliyo ndani ya picha kama inavyotegemea maandishi yenyewe, na mteja naye hawezi kuikopi akamtumia mke wake.

Nikuambie kilichotusaidia sisi. Mimi naisimamia websaiti ya biashara ya familia, tunauza miche ya zabibu, shamba lipo upande wa Hombolo. Mjomba ndo anapokea simu na WhatsApp za wateja, nikamwomba anipe simu yake nisome meseji, kila swali nikaliandika kwenye daftari kwa maneno yaleyale ya mteja bila kuyanyoosha. Hakuna hata mmoja aliyeandika "huduma za ushauri wa kilimo cha mizabibu". Wanauliza mbegu ya zabibu bei gani, miche inapatikana wapi Dodoma, zabibu inakubali Singida, heka moja inaingia miche mingapi, inaanza kuzaa baada ya muda gani, soko liko wapi, naweza kumwagilia maji ya chumvi. Websaiti yetu ilikuwa na neno miche kila mahali na watu huku wanasachi mbegu, kwa hiyo kwenye ukurasa wa bei nikaeleza kwamba zabibu hatuoteshi kwa zile mbegu za ndani ya tunda, tunatumia pingili au miche iliyokuzwa kwenye viriba, na neno likaingia lenyewe mahali pake, mtu aliyekuja na swali la mbegu akapata jibu la kweli.

Kila swali kubwa likapata ukurasa wake. Ukurasa wa mavuno ukaeleza kwamba hapa Dodoma zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka na kwa nini mkulima lazima ajue mnunuzi wake mapema kabla ya kupogoa mizabibu, ukurasa wa aina ukaeleza Makutupora Red na Chenin Blanc na kumwelekeza mtu aende pia kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kama anataka kujifunza zaidi. Haikuwa haraka, miezi ya kwanza kimya kabisa, mjomba akaanza kuuliza hivi hii kitu inafanya kazi kweli. Halafu ukurasa wa bei ya miche ukaanza kupanda taratibu, na mpaka leo ndo unaoleta simu nyingi kuliko ukurasa wa nyumbani.

Hapa ndo kuna nafasi kubwa ambayo wafanyabiashara wetu hawaioni. Mawebsaiti mengi ya kampuni za hapa yameandikwa Kiingereza cha ofisini, wakati mtu aliyenunua kiwanja Nala au Ihumwa na maji ya bomba hayajamfikia anasachi kwa Kiswahili, kwa simu, usiku akiwa amelala. Kwa Kiswahili ushindani ni mdogo sana, ukiandika ukurasa mmoja wenye majibu kamili unaweza kukaa juu kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kwako ningeanza na ukurasa wa "bei ya kuchimba kisima Dodoma". Eleza kinachopandisha na kushusha bei: kupima kwanza maji yalipo, kina kwa mita, mwamba wenyewe, kesingi (bomba la kuzuia kuta za kisima zisibomoke), kusafisha kisima, kupima kinatoa maji kiasi gani, kisha pampu, paneli na tenki. Weka bei ya kuanzia. Najua unaogopa washindani, ila washindani bei yako wanaijua, walishakupigia simu kama wateja. Ukurasa mwingine ueleze vibali, kwamba kuchimba kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, nani anakishughulikia kati yako na mteja. Mwingine wa maji ya chumvi, hili swali kwa Dodoma ni kubwa mno, mtu anaogopa atoe mamilioni apate maji ambayo hayanyweki, mweleze ukweli kuhusu kupima sampuli maabara na nini kinafanyika yakitoka na chumvi. Mwingine wa pampu ya sola, ukubwa gani kwa kina gani.

Na zaidi ya hapo weka kazi ulizofanya. Kila kisima ukimaliza, kwa ruhusa ya mwenye nacho, piga picha, andika kijiji, kina, kinatoa lita ngapi kwa saa, mlikutana na mwamba gani, mlichukua hatua gani. Hii hakuna mtu wa Dar au wa India anayeweza kukuandikia kwa sababu hakuwepo. Mwishoni mwa 2022 Google waliongeza uzoefu binafsi kwenye vigezo vya mwongozo wanaowapa wakaguzi wao wa ubora, kwa hiyo mwelekeo wao ndo huo. Ila usije ukachukua ukurasa mmoja ukabadilisha jina tu, kuchimba kisima Bahi, kuchimba kisima Kongwa, kuchimba kisima Mpwapwa, Chemba, Kondoa, maneno yote yaleyale, hiyo iko kwenye orodha yao ya mambo yaliyokatazwa. Kama Kongwa una kazi za kweli na mambo ya kueleza kuhusu Kongwa, andika, kama huna acha.

Kila ukurasa uwe na taito yake, yaani kichwa kinachotokea kwenye matokeo ya Google, inayosema kilichomo, mfano "Kuchimba kisima Dodoma: bei, hatua na vibali". Sasa hivi taito yako ni neno "Home" na jina la kampuni, hapo hujasema kitu. Na lile sanduku la "meta keywords", maneno ya kusachi yaliyofichwa nyuma ya ukurasa, ambalo fundi wako amelijaza maneno mengi likae tu au litoke, Google walitangaza tangu 2009 kwamba hawaliangalii.

Ramani sasa. Mtu akisachi huduma pamoja na mji, mara nyingi vinakuja vile vibiashara vitatu vyenye ramani juu ya matokeo, na pale unaingia kwa Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara yako kwenye Google na ramani yao, ni bure. Wanaangalia unahusiana kiasi gani na alichotafuta mtu, uko mbali kiasi gani, na unajulikana kiasi gani. Wewe unawafuata wateja walipo, kwa hiyo unaweza kuficha anwani na kuchagua maeneo unayohudumia, wanaruhusu mpaka 20, weka wilaya zako. Jina weka lilelile lililopo kwenye usajili na kwenye gari lako, ukiongezea "kuchimba visima bei nafuu Dodoma" kwenye jina wanaweza kukufungia. Maoni ya wateja ni muhimu mno hapa, mteja maji yakitoka na amefurahi mtumie linki ya kuandika maoni palepale, usimlipe wala kumpa punguzo kwa ajili hiyo, ni kosa kwao. Na jibu kila maoni, hata ya anayelalamika, jibu kwa heshima, wengine wanasoma.

Uzito wa websaiti: kwa simu yangu pale Jamatini ilichukua muda mpaka nikataka kufunga. Zile picha tano zinazojigeuza juu zimetoka moja kwa moja kwenye kamera, moja ina MB kadhaa, unamla mteja bando. Zipunguze zifike chini ya KB 200, tumia WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, bakiza moja. Google inasoma toleo la simu ndo inalitumia kupanga, na kipimo chao kizuri ni kitu kikubwa cha ukurasa kitokee ndani ya sekunde 2.5. Pima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, bure.

Linki za kutoka kwingine zinasaidia, ila zitafute kwa njia ya kawaida. Kampuni unayonunua pampu kwao kama wana ukurasa wa mawakala omba uwekwe, kama ni mwanachama wa TCCIA, ile chemba ya wafanyabiashara, ulizia, shule au parokia uliyowachimbia wakiandika habari ya kisima waombe wakutaje na kuweka linki. Chache hizo zinatosha kuanzia.

La mwisho fungua Search Console leo, chombo cha Google kinachokuonyesha websaiti yako inavyotokea kwenye kusachi, usisubiri kurasa ziishe. Ni bure, unathibitisha domeni, unaweka sitemapu (faili lenye orodha ya kurasa zako), kila ukurasa mpya unaukagua kwa kubandika anwani yake na kuomba uorodheshwe. Baada ya wiki kadhaa ingia sehemu ya utendaji, kuna orodha ya maneno watu waliyoandika, umeonekana mara ngapi, wamebonyeza mara ngapi, na nafasi yako ya wastani, inatunza miezi 16. Maneno uliyo nafasi ya 8 mpaka ya 20 ndo ya kufanyia kazi kwanza kwa sababu tayari Google inakufikiria, boresha ukurasa husika, ongeza jibu lililokosekana.

Fundi wako akikuambia kugawanya kurasa haiwezekani kwa ile template yake, niambie ni template gani, nyingi naweza kukuelekeza. Na ukishapata hiyo orodha ya maneno ibandike hapa, futa jina la kampuni kama hutaki lionekane, tuone pamoja uanze na lipi.