Komedi za zamani na giza la winta: dozi yake ni ipi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi niko Vantaa huku Ufini mwaka wa nne sasa, natokea Tanga, nafanya usafi. Kila ikifika Novemba nakuwa kama simu ya chaji asilimia mbili, nalala masaa kumi naamka nimechoka, hamu ya kuongea na watu sina, nakula mikate na viazi tu. Mwaka huu nikaanza kuangalia mikanda ya zamani ya yule mchekeshaji wetu Mzee Majuto usiku kwenye simu, nacheka mpaka machozi yananitoka, ila ikiisha napata upweke mbaya kuliko mwanzo. Wife anasema nazidisha. Sasa kitaalamu hii ni dawa au ndo najimaliza? Na kama ni dawa, dozi yake ikoje?

JIBU: Kaka yangu, nzuri, na pole sana na Novemba. Mi ni muuguzi wa afya ya akili na swali lako naulizwa kila winta kwa namna tofauti tofauti, ila wewe ndo wa kwanza kuniuliza dozi ya Majuto, nimecheka peke yangu kwenye basi watu wakanigeukia, na unajua wenyeji wa huku kwenye basi walivyo.

Jibu fupi ni kwamba komedi inasaidia kweli, ila wewe unaitumia saa mbaya, mahali pabaya na ukiwa peke yako, na pia umeanza na dawa ya pili ukaruka ya kwanza, ambayo ni mwanga.

Angalia siku yako ilivyo. Mwezi wa 12 hapo Vantaa jua linachomoza kama saa 3 na dakika 20 asubuhi na saa 9 na robo alasiri limeshazama, yaani masaa sita hayafiki, na wewe mtu wa usafi muda huo wote uko ndani ya jengo unasukuma mashine. Wewe umezaliwa Tanga ambako masaa kumi na mawili ya mchana ni ya uhakika mwaka mzima, saa ya mwili wako haijawahi kuzoea mambo haya. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuupa ubongo taarifa kwamba kumekucha, zisipopata mwanga wa kutosha asubuhi ile homoni ya usingizi, melatonini, inachelewa kuzimika na saa nzima ya mwili inasogea nyuma, ndo maana unaamka kichwa kizito na unatamani wanga muda wote. Sio uvivu huo wala hujarogwa. Unaitwa sonona ya winta, na daktari aliyeuandika na wenzake mwaka 1984, Norman Rosenthal, naye ni mtu wa Afrika, kazaliwa Afrika Kusini akahamia Marekani, winta za New York zikambana mwenyewe ndo akaanza kujiuliza. Kwaio usione aibu, tuna mwenzetu.

Dawa yake ya kwanza ni taa ya mwanga mkali, lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaokufikia), dakika 20 mpaka 30 kila asubuhi mapema, unaiweka mezani pembeni kidogo ya uso unakunywa chai yako, macho wazi lakini huikodolei. Kwa kulinganisha, taa za sebuleni kwako nyingi hazifiki hata lux 300. Kama una ugonjwa wa macho au umewahi kuambiwa una bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, muone daktari kwanza kabla hujaiwasha. Vitamini D we meza tu kwa sababu zake, ngozi zetu na jua la huku hazielewani, ila usitegemee ndo itakuondolea unyonge huo.

Haya sasa tuje kwa Mzee Majuto.

Unachokifanya usiku kina jina, ni kukumbuka kwa hamu, na zamani madaktari waliuona ni ugonjwa kabisa. Mwanafunzi wa udaktari anaitwa Johannes Hofer ndo aliutungia jina la nostalgia mwaka 1688 kule Basel, akiwazungumzia Waswisi walioko mbali na kwao wanaokonda kwa kupakumbuka nyumbani. Siku hizi tunauona tofauti. Kuna utafiti wa 2012 wa akina Zhou, Wildschut na Sedikides, walikuta watu wanakumbuka ya zamani zaidi siku za baridi, na aliyeambiwa akumbuke tukio tamu la zamani alihisi chumba kina joto zaidi kuliko mwenzake aliyekumbuka jambo la kawaida, na akiambiwa aingize mkono kwenye maji ya barafu anavumilia muda mrefu zaidi. Kwaio mwili wako unapoililia Tanga mwezi wa 11 unajitafutia blanketi tu.

Shida inakuja mwishoni, pale mkanda unapoisha. Fikiria vizuri unakumbuka nini ukimuona Majuto. Ni yeye na ile sura yake ya kuonewa, sawa, na lafudhi ya Tanga, lakini nahisi kuna zaidi, kuna benchi la mbao la kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuonyeshea video, kuna jamaa mwenye kichwa kikubwa kakaa mbele yako, joto, jasho, umeme unakatika watu wote wanapiga mluzi kwa pamoja. Kule ulicheka ukiwa umebanana na watu thelathini. Sasa unachekea chini ya shuka saa saba usiku simu iko kifuani, mkanda ukiisha kioo kinakuwa cheusi unajiona uso wako mwenyewe, na mzee mwenyewe alishatutoka Agosti 2018. Nani asiumie hapo? Kicheko kimekupeleka nyumbani halafu kikakuacha mlangoni.

Na kicheko chenyewe kinafanya kazi vizuri kikiwa cha kundi. Hapo Turku tu, masaa kama mawili kwa treni kutoka kwako, watafiti mwaka 2017 walichukua wanaume wakawaonyesha vichekesho nusu saa wakiwa na marafiki zao wa karibu, halafu wakawapima ubongo kwa PET, mashine ya kupiga picha ubongo unavyofanya kazi, wakakuta ubongo umemwaga kemikali zake zenyewe za jamii moja na mofini, zile zinazotuliza maumivu na kukufanya umpende uliye naye. Nusu saa, kaka, tena na marafiki. Dozi uliyoiuliza ndo hiyo.

Kwaio fanya hivi. Angalia saa 12 jioni, sio saa saba usiku, kwenye tivii kubwa sebuleni na sio kitandani, nusu saa mpaka saa moja halafu unazima. Huku wakati wa winta tunapishana na Tanzania lisaa limoja tu, saa 12 yako ni saa 1 usiku ya Tanga, kwaio mpigie ndugu yako au rafiki mliyekuwa mnaenda naye kibandani, wekeni mkanda mmoja kwa wakati mmoja, simu iko spika, mcheke wote. Mkimaliza yeye atakupa umbea wa mtaani na wewe utakula chakula cha maana. Wife naye mkaribishe badala ya kumficha. Nina wasiwasi anaposema unazidisha anamaanisha unamwacha peke yake usiku, ila hayo mtaongea wenyewe.

Chagua uliyoangalia mara kumi. Watu wanadhani kurudia ni ujinga, kumbe kichwa kilichochoka hakina nguvu ya kufuatilia hadithi mpya, na ukijua kibao kinakuja unaanza kucheka hata kabla hakijatua. Kama una watoto waliozaliwa huku na Kiswahili chao cha kuokoteza, Majuto watampata nusu nusu, basi wawekee Mr. Bean ambaye maneno yenyewe ni ya kuhesabika, hapo nyumba nzima mko sawa. Na ile Coming to America ya 1988, mtoto wa mfalme wa Zamunda anatua Queens kwenye theluji na mabegi yake ya kifalme yanaibiwa, mi kila winta lazima, maana pale unaicheka baridi ileile inayokutesa.

Nikuambie na aibu yangu. Winta yangu ya kwanza nilinunua ile taa kwa hela nyingi, nikaiweka pembeni ya tivii nikaiwasha saa tatu usiku nikaangalia komedi, nikajiona nimepiga ndege wawili kwa jiwe moja. Nilikaa macho kodo mpaka saa tisa, kesho yake nikachelewa zamu, wiki nzima nimefanya hivyo nikasema taa za wazungu ni utapeli. Na hapo nimesomea! Taa ni asubuhi, kicheko ni jioni, usivichanganye.

Jipe wiki mbili za hivyo. Usipoona nafuu yoyote, au ukishindwa kwenda kazini, nenda kituo cha afya ukaongee na daktari, sonona ya winta ina matibabu mengine pia, ya mazungumzo na ya vidonge. Na yakikujia mawazo ya kwamba bora usiwepo, usisubiri wiki mbili wala usisubiri mimi nikujibu, piga 112 muda huohuo na umwamshe wife.

Halafu ukienda dukani kununua taa usikubali tu kwa sababu boksi limeandikwa 10,000. Soma pale pembeni maandishi madogo ni kwa umbali gani, kuna zingine ili uzipate hizo lux 10,000 inabidi uikumbatie taa sentimita 15 kutoka puani, na chai utainywea wapi.