Nimeacha kujitapisha, sasa nanenepa tumbo na uso. Metaboli yangu imeharibika?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 26. Kwa miaka minne nilikuwa najinyima chakula, na siku nikishindwa kujizuia nakula sana halafu najitapisha. Nilipata msaada na sasa ni mwezi wa nane nakula milo yote. Kutapika niliacha kabisa wiki tatu zilizopita, kabla ya hapo nilikuwa nateleza mara mojamoja. Hedhi imerudi. Shida yangu ni kwamba nimenenepa tumbo na uso, mikono na mapaja bado ni membamba. Mwanzoni hata miguu ilivimba. Watu wananiambia "umenawiri", mimi nasikia "umekuwa bonge". Kuna dada ameniambia metaboli yangu, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, imeharibika, akaniuzia majani ya kuchemsha ya siku 14, ya kusafisha mwili na "kuwasha upya" metaboli. Nimekunywa siku tano. Je, naweza kupunguza kidogo tu, bila kurudi kule nilikotoka?

JIBU: Marahaba. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe wa hospitali, ila jina hilo nimeshalizoea. Hayo majani acha leo. Sababu nitakupa mbele, maana nikianza nazo nitapandwa na hasira kabla sijakujibu.

"Hedhi imerudi." Umeandika maneno mawili, ukahamia tumboni. Mimi nimeyasoma mara tatu. Mwili huzima hedhi ukiona hauna akiba ya kujiendesha wenyewe, sembuse kubeba mtoto, na kipindi hicho homoni ya estrojeni ikiwa chini mifupa nayo huwa inapungua kimyakimya. Mfumo huo hauwaki tena kwa maombi. Unawaka ubongo ukipata taarifa kwamba ghala lina kitu, na sehemu kubwa ya taarifa hiyo inabebwa na homoni iitwayo leptini, ambayo inatengenezwa na mafuta ya mwili. Kwa hiyo mafuta hayo unayotaka kuyaondoa ndiyo yaliyopeleka taarifa.

Sasa kwa nini tumbo, na kwa nini mapaja yamebaki nyuma? Kwa sababu mwili uliotoka kwenye njaa haurudishi vitu kwa mpangilio unaotupendeza. Mafuta hutangulia, misuli hufuata polepole, na mafuta hayo hukaa kwanza kiwiliwili. Kwa wanawake wanaopona ugonjwa wa kujinyima chakula jambo hili limepimwa mara nyingi: uzito ukiachwa utulie, bila kukatwakatwa, mafuta husambaa tena mwilini, na kazi hiyo huchukua mwaka hivi, wengine zaidi. Wewe uko mwezi wa nane, tena ulikuwa unateleza. Unapima nyumba ambayo mafundi hawajashuka kwenye paa.

Miguu iliyovimba ilikuwa maji. Anayetapika au kuharisha kwa muda mrefu anapoteza maji na chumvi, na figo hujifunza kung'ang'ania kila tone. Ukiacha, figo haziambiwi siku hiyohiyo. Huendelea kushika maji kwa wiki kadhaa. Isitoshe, ini na misuli huanza kujaza tena wanga wa akiba, ambao ni glaikojeni, na kila gramu 1 ya glaikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji. Hapo ndipo mizani inaruka kilo kadhaa ndani ya siku chache na mtu anadhani amenenepa usiku mmoja. Uso nao una maelezo yake. Pembeni mwa taya, chini ya masikio, kuna tezi za mate, na kujitapisha huzivimbisha. Mara nyingi huvimba hata zaidi siku za mwanzo baada ya kuacha, kisha hunywea taratibu. Wiki tatu ni mapema mno kuhukumu shavu. Nimeona watu wakirudia kutapika ili wapunguze mashavu, yaani wanazima moto kwa petroli.

Nije kwenye hiyo "metaboli iliyoharibika", sentensi ninayoisikia karibu kila wiki, na kila anayeisema ana kitu cha kuuza mkononi.

Metaboli si jiko la gesi lililozimika likingoja kiberiti cha mtu. Ukijinyima, mwili hupunguza matumizi: moyo hupiga polepole, mikono na miguu huwa ya baridi, nywele hudondoka, hedhi husimama, tumbo lenyewe hukawia kusukuma chakula ndiyo maana mnajaa gesi kwa vijiko vinne. Huo ni ubahili wa makusudi. Ukianza kula vya kutosha, mwili hufungua mkono, na baadhi ya wagonjwa wangu katika kipindi hicho huamka usiku wamelowa jasho kwa sababu mwili unachoma chakula kwa kasi ukijijenga. Dawa ya kurudisha matumizi ni chakula, kila siku, kwa saa zake. Hakuna jani linalofanya kazi hiyo.

Mwaka 1944, vita vikiendelea, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wenye afya waliojitolea, na mwaka uliofuata akawapunguzia chakula kwa takriban miezi 6 hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hawakuwa na tatizo lolote la ulaji kabla ya hapo. Lakini walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kukasirika ovyo, kuhisi baridi wakati wengine wanatoka jasho. Sehemu ambayo wauza majani hawaijui ni iliyofuata: waliporudishiwa chakula, wengi walikula kwa wingi wa kutisha na bado wakasema wana njaa, mafuta yakatangulia kurudi, na waliofuatiliwa walipita uzito wao wa mwanzo kabla ya kushuka kuelekea walikotoka. Hakuna aliyewapa kitu cha kuwasafisha. Walirudishiwa chakula tu.

Kwa hiyo swali lako, naweza kupunguza kidogo tu? Hapana. Mwili wako hautofautishi kati ya "kidogo tu" ya leo na ile ya miaka minne iliyopita, ambayo nina hakika nayo ilianza kwa jina hilohilo. Ukikata sasa, njaa itapanda, utakula kwa pupa, utaogopa, utarudi bafuni. Wala sitakuahidi kwamba utarudi kwenye uzito wa umri wa miaka 22. Wengine hutulia juu kidogo ya pale walipokuwa, na pale ndipo miili yao inapofanya kazi. Najua si jibu tamu.

Lakini tumbo lipo na kioo kipo, na huwezi kungoja mwaka mzima ukiwa unajichukia kila asubuhi. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa ametundika suruali yake ya enzi za ugonjwa nyuma ya mlango wa chumbani. Kila alfajiri, kabla ya kunywa maji, aliivuta hadi inapokwama, akaangalia imekwama wapi, halafu akaamua kama siku hiyo atakula. Tulizungumza miezi miwili juu ya thamani yake kama binadamu na hakuna kilichosogea. Siku aliyoikata suruali ikawa matambara ya kufutia meza, alikula kifungua kinywa. Sina maana kwamba suruali ilikuwa ndiyo ugonjwa. Lakini kila mara unapojibana tumbo kwa vidole, unapojipima mkono kwa kuuzungushia gumba na kidole, unapopiga picha ya ubavuni kulinganisha na ya jana, unauliza swali lilelile na unapata hofu ileile. Vaa nguo zinazokutosha leo. Mizani itoke nyumbani. Uzito unaweza kupanda au kushuka kilo 1 hadi 2 kwa siku kwa maji, chumvi, choo na hedhi tu. Kama anayekutibu anahitaji kukupima, panda mizani ukiwa umeipa mgongo, akae na namba yake.

Na hilo la "umenawiri": watu wengi wanamaanisha una uhai usoni. Hulazimiki kushukuru wala kujieleza. Kwa wawili watatu walio karibu nawe, waambie wazi, "naomba tusizungumzie mwili wangu, hata kwa kuusifia." Utashangaa watakavyotii.

Sasa hayo majani. Pakiti nyingi za namna hiyo zinazoletwa mezani kwangu, nikisoma maandishi madogo ya nyuma nakuta sanamaki. Sanamaki huharisha kwa kuchokoza utumbo mpana, na chakula kikifika huko sehemu kubwa ya nguvu yake imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na madini, hasa potasiamu, na moyo hautaki mchezo na potasiamu, achilia mbali wa mtu aliyekuwa akitapika hivi karibuni. Mizani inashuka, mnunuzi anafurahi, akiacha figo zinashika maji, anavimba, ananunua pakiti ya pili. Biashara nzuri sana hiyo. Zipo mbaya zaidi: mamlaka za dawa zimekamata mara nyingi bidhaa za kupunguza uzito zilizoandikwa "asilia" zikiwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Anayekuuzia huenda hata yeye hajui amebeba nini. Na hakukuuliza kama umewahi kujitapisha, sivyo? Hawaulizi kamwe.

Kwa kuwa umeshakunywa siku tano, nenda hospitali wiki hii upimwe damu, waangalie potasiamu na figo, na wakupime mapigo ya moyo. Ukihisi moyo kurukaruka, misuli kukaza au kulegea, kizunguzungu cha kuanguka, au ukitapika damu, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ukianza kuwaza kujidhuru pia, usibaki peke yako. Mwambie mtu aliye jirani akupeleke. Wakati wa kwenda beba na hiyo pakiti, hata kama imebaki nusu, na umwambie daktari siku ya mwisho uliyotapika. Ile ya kweli.