Kabla ya Kununua Honi Kubwa, Pima Umeme Unaoifikia Ile Ndogo

Kwa miaka sita nimekuwa nikipeleka ndizi kutoka Mbale, kule Vihiga, hadi soko la Kibuye mjini Kisumu kwa pikapu ya dizeli iliyotengenezwa mwaka 1991, na kwa muda mrefu sikuijali honi yake. Ilififia polepole, kama macho ya mzee yanavyofifia, hata mwenyewe asitambue. Kisha asubuhi moja, nikishuka kutoka Kiboswa kuelekea Mamboleo, bodaboda iliyobeba mama na mwanawe iliingia barabarani kutoka kando bila mwendeshaji kugeuza kichwa. Niliibonyeza honi kwa kiganja kizima; ikatoa mlio mwembamba uliomezwa na mngurumo wa lori lililokuwa nyuma yangu. Breki ndizo zilizotuokoa. Nilisimama kando ya barabara mikono ikitetemeka, mikungu ya ndizi imerundikana nyuma ya kebini, nikaapa kwamba sitapita tena hapo na honi ya namna ile.

Nilikimbilia dukani, nikanunua jozi ya honi za umbo la konokono, nikaziunga kwenye waya ule ule wa zamani. Hilo ndilo kosa ninalotaka kukuepusha nalo. Mlio ulibadilika, lakini haukuongezeka kwa kadiri niliyoitarajia, na siku ya tatu fyuzi ikaungua. Kwa kuwa katika pikapu yangu honi na taa za dharura hutumia fyuzi moja, nilijikuta sina hili wala lile.

Fundi wa umeme wa magari aliyenisaidia, kijana wa jua kali pale Kibuye, hakugusa spana hata kidogo mwanzoni. Alichukua mita, akapima betri, ikasoma volti 12.6. Akaweka fyuzi nzima, akairudisha honi ya zamani mahali pake, akaweka ncha za mita juu yake, akaniomba nipige. Ilisoma 8.9.

“Mwalimu,” akaniambia, “honi yako haina ugonjwa. Ina njaa.”

Volti 3.7 zilikuwa zikipotelea njiani. Sehemu ilipotelea katika waya mwembamba uliozunguka kutoka kwenye betri, ukapita kwenye kisanduku cha fyuzi na usukani, kisha ukarudi mbele ya gari. Sehemu nyingine ilipotelea kwenye boliti inayoishikilia honi, kwa sababu honi yenye waya mmoja hupata upande wake wa hasi kupitia chuma cha bodi, na boliti ile ilikuwa imeota kutu chini ya rangi. Aliisugua kwa msasa mpaka chuma kikang’aa, akaikaza upya, na mita ikapanda hadi 10.3 kabla hatujatumia hata shilingi moja. Ukiwa na pikapu ya zamani, anzia hapo. Honi nyingi za sahani, yaani zile bapa za duara, zina pia skrubu ndogo ya kurekebishia mlio upande wa nyuma. Izungushe kidogo sana, kiasi cha sehemu moja ya nane ya mzunguko, usikilize, ndipo uizungushe tena.

Hatua iliyoleta mabadiliko makubwa ni rilei. Hii ni swichi inayovutwa na sumaku: mkondo mdogo kutoka kwenye kitufe cha usukani huiamsha, na mkondo mkubwa unaolisha honi hupita njia yake fupi moja kwa moja kutoka kwenye betri. Miguu yake huandikwa namba. Ule wa 30 huunganishwa na betri, 87 na honi, na 85 na 86 ni za sumaku. Waya wa zamani wa honi tuliupeleka 86, na 85 tukaifunga kwenye chuma kisafi cha bodi. Jihadhari, kwa maana magari hayafanani: gusa waya wa honi kwa taa ya kupimia kabla ya kubonyeza chochote, na ikiwaka, ujue kitufe cha gari lako hukamilisha upande wa hasi, kwa hiyo miunganisho ya sumaku lazima ipangwe kinyume. Honi mbili kwa pamoja huweza kuvuta ampea 10 hivi, hivyo tulitumia waya wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15. Fyuzi hiyo ikae karibu kabisa na betri. Ikikaa mbali, kipande cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi, na kikichunika na kugusa bodi kitawaka moto.

Baada ya hapo ndipo tulipozirudisha zile konokono, moja ya sauti nzito na nyingine ya sauti nyembamba, kila moja ikiwa na njia yake kutoka kwenye rilei. Mita ilisoma 12.1. Sauti mbili tofauti zikilia pamoja hutambulika upesi katikati ya kelele za injini kuliko sauti moja, na nadhani hilo lina faida kuliko ukubwa wenyewe wa mlio. Midomo yake tuliielekeza chini, kwa sababu mvua zetu za alasiri zingeijaza maji kwa wiki moja tu. Usiziweke nyuma ya rejeta, na usiache mwili wa honi uguse chuma kingine, kwani utatikisika na kuua mlio.

Dukani, soma kibandiko. Baadhi ya honi za mitumba hutoka kwenye malori ya volti 24, na ukiifunga kwenye pikapu ya volti 12 italia kwa unyonge hata kama ni kubwa kama sufuria.

Kuhusu honi za upepo, maoni yangu ni kwamba pikapu haizihitaji. Zinadai kompresa inayokula umeme mwingi, na mlio wake humshtua mwendesha baiskeli hata akaangukia upande ule ule unaopita. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele za mwaka 2009 pia hazimruhusu dereva kupiga honi ovyo pasipo hatari, na mimi mwenyewe nikifika karibu na shule pale Majengo hupunguza mwendo kwanza, honi baadaye.

Kila mvua za masika zinapokaribia, huwa nafungua ile boliti ya hasi, naisugua tena, naifunga, kisha naipaka grisi juu. Ni kazi ya dakika kumi, na mwaka huu mita ilisoma 12.0.